Mate Yako na Bosi Wako

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na safari hii si uvivu. Nilipewa kazi ambayo mwishowe nimeikataa, na kwa kuwa wawili watatu kati yenu mmenisuta mkisema nimemwaga unga wangu mwenyewe, nimeona nieleze. Waliokuja kusoma sehemu ya tatu ya somo la hifadhidata wanivumilie. Leo tunazungumzia mate. Ndiyo, yale ya mdomoni.

Ilikuwa hivi. Kampuni moja hapa Nairobi (sitaitaja) ina kituo cha kupokea simu za wateja, wafanyakazi kama mia tatu, zamu mchana na usiku. Meneja wake alikuwa amesoma mahali kwamba wanasayansi wamepata alama za mitokondria kwenye mate, na kwamba alama hizo hupanda mtu akiwa na msongo wa mawazo. Akapata wazo. Kila Jumatatu saa mbili asubuhi kila mfanyakazi ateme mate kwenye kichupa, vichupa viende maabara, namba zirudi, na programu yangu izipokee, ichore grafu, kisha impe kila mtu rangi: kijani, manjano au nyekundu. "Tunataka kuwasaidia kabla mambo hayajawazidi," akaniambia. Na kwa kweli nilimwamini. Hakuwa mtu mbaya. Malipo yalikuwa mazuri pia, na karo ya muhula ilikuwa inanikodolea macho. Nikamwomba wiki mbili nisome kwanza, maana siwezi kuandika programu ya kitu nisichokielewa.

Tuliosoma biolojia shule ya upili tulikariri kwamba mitokondria ndiyo kiwanda cha nguvu cha seli, tukaandika hivyo kwenye mtihani, tukapata alama yetu moja, tukasahau. Jambo ambalo mimi sikulikumbuka ni kwamba kiwanda hicho kina DNA yake chenyewe, mbali na ile iliyo kwenye kiini cha seli. Ni duara dogo lenye herufi 16,569 na jeni 37, na unalirithi kutoka kwa mama yako tu. Lilisomwa lote kwa mara ya kwanza huko Cambridge, Uingereza, mwaka 1981. Mimi ni mtu wa tarakilishi, kwa hivyo nilipoona namba hiyo nikaanza kupiga hesabu. Herufi za DNA ni nne, kila moja inahitaji biti mbili, basi duara zima ni baiti 4,143 hivi. SMS moja hubeba baiti 140. Yaani unaweza kumtumia rafiki yako DNA yako yote ya mitokondria kwa SMS 30! (Usifanye hivyo. Nitaeleza baadaye.)

Jambo la pili ni asili yake. Mwaka 1967 mwanabiolojia Mmarekani Lynn Margulis alichapisha hoja kwamba mitokondria zilikuwa bakteria huru zilizoingia ndani ya seli nyingine zamani sana na kubaki humo kama wapangaji. Wengi walimcheka. Leo iko kwenye vitabu vya shule. Na ukoo huo wa bakteria ndio unaoleta mambo, kwa sababu DNA ya mitokondria ikivuja nje ya seli, walinzi wa mwili huiona kama adui aliyevamia. Mwaka 2010 watafiti wa Boston walionyesha kwenye jarida la Nature kwamba majeraha makubwa humwaga vipande vya mitokondria kwenye damu, na kinga ya mwili huvishambulia kana kwamba mtu ameambukizwa. Hakuna mdudu yeyote hapo. Ni mali ya mwili wenyewe iliyotoka mahali pake.

Sasa, je, fikra tupu zinaweza kufanya hivyo? Bila jeraha, bila ugonjwa? Hapa ndipo nilipokaa wima kwenye kiti. Mwaka 2019 kundi la Martin Picard na Caroline Trumpff wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, wakishirikiana na wenzao wa Pittsburgh, walichapisha utafiti wa watu wazima 50 wenye afya. Waliwekwa kwenye kibarua kifupi cha kuwapa wasiwasi, cha kusimama na kuzungumza mbele ya watu. Ndani ya nusu saa DNA ya mitokondria inayoelea kwenye majimaji ya damu ilikuwa zaidi ya maradufu. Dakika chache tu za kuona haya! Yeyote aliyewahi kusimama mbele ya jopo la usaili akiulizwa "tuambie udhaifu wako" anajua mwili unavyofanya, lakini mimi sikujua kwamba unafika hadi kwenye mitokondria.

Basi sayansi ipo, na inapendeza. Meneja hakudanganywa kuhusu hilo. Tatizo ni kwamba niliyoyasoma ni damu, naye alikuwa anataka mate. Nikaendelea kuchimba.

Utafiti mkubwa kabisa wa mate nilioupata ulitoka China, kwenye jarida la Current Biology mwaka 2015. DNA ilisomwa kutoka kwa wanawake 11,670, baadhi wakiwa na ugonjwa wa sonona, wengine wazima, na sampuli zilikuwa mate. Wenye sonona walikuwa na kiasi kikubwa zaidi cha DNA ya mitokondria. Uwezekano wa hayo kutokea kwa bahati tu ulikuwa mdogo kiasi kwamba ukiuandika kwa desimali unaweka sufuri 41 baada ya nukta kabla ya kufika kwenye 9. Kisha wakawajaribu panya. Panya waliosumbuliwa walionyesha badiliko hilo hilo, na waliodungwa homoni ya msongo walilionyesha pia, na walipopumzishwa badiliko lilirudi nyuma kwa sehemu.

Meneja angeishia hapo na kupiga makofi. Lakini soma mistari inayofuata. Wanawake hao waliulizwa pia kuhusu masaibu ya maisha yao. Watafiti walipotenganisha hesabu za masaibu na hesabu za ugonjwa, badiliko la DNA lilifuata ugonjwa. Yaani mtu aliyepitia makubwa lakini hakuugua sonona, mate yake hayakusema lolote la ajabu. Sasa niambie wewe: hicho ni kipimo cha msongo? Mfanyakazi anayelemewa, anayelala saa nne, ana mgonjwa nyumbani, lakini bado amesimama, angepewa kijani. "Huyu yuko sawa, mwongezee zamu."

Kuna kosa jingine ambalo mtu yeyote aliyewahi kuunganisha hifadhidata mbili atalitambua mara moja. Utafiti wa China ulipima uwiano wa DNA ya mitokondria katika DNA yote iliyotolewa kwenye mate, seli na vyote. Watu wa Columbia wanapima ile inayoelea nje ya seli. Ni safuwima mbili zenye jina moja na maana mbili, na meneja wangu alikuwa amezimwaga kwenye jedwali moja. Tunajua huko mwisho wake ni nini. Nimewahi kukaa ofisini hadi usiku wa manane kwa sababu ya safuwima iliyoitwa "tarehe" ambayo upande mmoja ilikuwa tarehe ya kuagiza na upande wa pili tarehe ya kulipa.

Lakini kilichonimaliza kabisa ni utafiti mdogo kuliko yote. Kundi hilo hilo la Columbia lilichapisha mwaka 2022 kazi juu ya DNA ya mitokondria inayoelea kwenye mate. Sehemu kuu ya kazi hiyo ni wanaume wawili tu. Wawili! Ila walipimwa mara nne kila siku kwa siku zaidi ya 50, na hapo ndipo utamu ulipo, kwa sababu wengi humpima mtu mara moja na kudhani wamemjua. Wakakuta kwamba kiasi hupanda kwa kishindo baada ya mtu kuamka, kati ya dakika 30 na 45, siku nyingine mara kumi na zaidi ya kilivyokuwa alipofungua macho. Na siku moja haifanani na nyingine, hata kwa mtu yule yule. Homoni ya kotisoli nayo ina mlima wake wa asubuhi, jambo linalojulikana kwa miaka mingi, ndiyo maana watafiti waangalifu humwambia mtu aandike dakika aliyoamka.

Rudi sasa kwenye Jumatatu ya meneja wangu, saa mbili kamili asubuhi. Chukua watu watatu. Wa kwanza anaishi Kitengela. Ameamka saa kumi na nusu alfajiri, amepanda matatu gizani, amekaa kwenye foleni, amefika na macho mekundu. Mlima wake wa asubuhi aliuacha njiani. Wa pili amepanga nyumba mtaa wa pili kutoka ofisini. Ameamka saa moja na dakika ishirini, ameosha uso, amevuka barabara. Saa mbili kamili yeye yuko kileleni kabisa. Wa tatu anatoka zamu ya usiku, hajalala tangu jana alasiri, na hakuna anayejua tumlinganishe na nani. Programu yangu ingempa nani rangi nyekundu? Yule aliyelala vizuri kuliko wote! Nami ningekuwa nimeandika msimbo safi, usio na hitilafu hata moja, unaopima umbali kati ya kitanda cha mtu na meza yake ya kazi.

Nilimpigia simu rafiki yangu anayefanya kazi maabara, nikitumaini atasema nimekosea. Akaniongezea. Kazi hii hufanywa kwa PCR, mashine ile ile ambayo sote tuliijua wakati wa korona. Kila mzunguko unarudufu DNA iliyopo, na mashine inahesabu ni mzunguko wa ngapi mwanga wake ulivuka mstari. Ukichelewa au kuwahi mzunguko mmoja tu, jibu lako ni nusu au maradufu. Ni kipimo kizuri sana mikononi mwa anayejua. Lakini mate si maji ya chupa. Yana seli za ngozi ya mdomo, chembe nyeupe za damu, bakteria wasiohesabika na vimeng'enya vinavyokatakata DNA. Fizi zikitoka damu baada ya kupiga mswaki, namba inabadilika. Ukila mandazi kabla ya kutema, tatizo. Ukigandisha mate bila kuondoa seli kwanza, seli zinapasuka chupani na kila moja inamwaga mamia ya nakala za mitokondria zake, halafu mashine inaziona kama zilikuwa zinaelea tangu mwanzo. "Vichupa vitakaa wapi?" akaniuliza. Nikamwambia meneja alitaja friji ya kantini. Alicheka hadi simu ikakatika. Friji ile, stima inapopotea, hata maziwa hayafiki jioni.

Tuseme basi hayo yote yametatuliwa. Tumpe meneja zawadi, kipimo kinachopatia mara 80 kati ya 100, kwa wenye shida na wasio na shida. Hakuna kipimo cha mate cha msongo ninachokijua kinachokaribia hapo, lakini tumpe. Kati ya watu 300, tuseme 30 wamelemewa kweli. Kipimo kitawakamata 24 na kuwakosa 6. Wale 270 walio sawa, kitawapaka rangi nyekundu 54. Jumla ya wekundu ni 78, na zaidi ya theluthi mbili yao hawana shida yoyote, ila sasa wanayo, kwa sababu majina yao yako kwenye skrini ya bosi. Fikiria uitwe ofisini Jumanne uambiwe mate yako hayako sawa. Ukiwa hukuwa na msongo, hapo ndipo utaupata.

Tofauti ile ya China ilikuwa ya kweli, sipingi. Lakini ni tofauti kati ya makundi ya maelfu. Ukipima urefu wa wanaume elfu sita wa kaunti moja na elfu sita wa nyingine utaweza kusema kwa uhakika kundi lipi ni refu kwa wastani, hata kama ni sentimita moja. Jaribu sasa kumsimamisha mwanamume mmoja mlangoni na kutaja kaunti yake kwa kutumia futi ya fundi cherehani.

Na nikawaza kuhusu vichupa vyenyewe. Mimi ningeandika jedwali lenye jina, namba ya kazi, tarehe na kiasi. Lakini kichupa kina zaidi ya jedwali langu. Kina zile SMS 30 nilizotaja, ambazo unafanana nazo na mama yako na ndugu zako wa tumbo moja, na kina pia DNA ya kiini, herufi bilioni tatu hivi, za kujaza CD nzima na kumwagika. Namba ya msongo unaweza kuifuta kwa amri moja. Hayo mengine utayafuta vipi, ikiwa kichupa kiko kwenye friza ya mtu mwingine? Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaziweka data za afya na za jeni kwenye kundi la data nyeti, na inapotaja idhini inataka iwe ya hiari na ya mtu aliyeelezwa wazi. Nilimuuliza meneja mfanyakazi akikataa itakuwaje. Akasema, "Hakuna atakayelazimishwa, tutaweka tu alama kwamba hakushiriki." Jamani! Kila mmoja wetu aliyewahi kuajiriwa anajua maana ya alama hiyo.

Kijana mmoja wa zamu ya usiku alikuwa amesikia tetesi. Alinifuata hadi kwenye lifti siku niliyokwenda kukagua seva zao. "Kaka, ni kweli mtatupima mate? Wakiona niko na stress si watanifuta?" Sikuwa na jibu la kumpa. Nilimwambia bado naangalia. Alinitazama jinsi unavyomtazama fundi anayesema gari litakuwa tayari kesho.

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani napinga utafiti huu. Kinyume chake! Watafiti wakija kesho na kuniambia niteme mate mara nne kwa siku kwa miezi miwili, niandike niliamka saa ngapi, nilikula nini na nilijisikiaje, na jina langu libadilishwe kuwa namba, nitajiandikisha. Huko ndiko kipimo hiki kinakofaa kwa sasa. Mtu mmoja afuatwe kwa muda mrefu, alinganishwe na yeye mwenyewe, saa za kuamka zijulikane, na asiwepo yeyote mwenye uwezo wa kumfukuza kazi anayesoma matokeo. Ni kama kumbukumbu za seva. Mstari mmoja wa saa mbili asubuhi haukuambii chochote. Mistari ya miezi miwili, ukijua seva iliwashwa lini na nani alikuwa anaitumia, inaweza kukuambia mengi.

Nilirudi kwa meneja na hayo yote, na nikaenda na pendekezo lingine, maana si vizuri kukataa mikono mitupu. Mfumo wao wa simu tayari unaandika kila kitu: nani amekaa hewani dakika ngapi bila kupumzika, nani amebadilishiwa zamu mara tatu kwa wiki moja, nani amepangiwa usiku kisha asubuhi inayofuata. Nilikuwa nimeipitia ratiba ya mwezi mmoja (kwa ruhusa yao), na jina la yule kijana wa lifti lilikuwa humo, zamu kumi na moja za usiku mfululizo. Nikasema, nipeni siku nne niwaandikie ripoti inayolia kila ratiba inapomnyima mtu saa kumi na moja za mapumziko. Haihitaji friji. Na dodoso la maswali kumi lisilo na majina, mkitaka kujua zaidi.

Alisikiliza vizuri. Aliuliza swali moja la maana kuhusu ile milima ya asubuhi, akaandika kwenye daftari. Kisha akasema ratiba ni suala la idara nyingine, na bajeti aliyokuwa nayo ilikuwa ya mradi wa mate.

Nasikia wametafuta mwandishi mwingine wa programu. Kama ni mmoja wenu mnaosoma hapa, muulize kwanza vichupa vinakwenda wapi baada ya namba kutoka, kisha muulize kila mtu anaamka saa ngapi. Mimi nimewatumia ankara ya siku mbili za kusoma. Bado haijalipwa.